Bloku 11 kati ya 64 zimefifia katikati: nizitupe, au fomu zangu ndizo zenye kasoro?

Mtafiti wa Kiborloni (Moshi)

Ndugu wadau, habari za kazi. Ninaomba msaada wa wale waliokaa na mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba vya tishu) au hadubini kwa miaka mingi, kwa kuwa nimefika mahali ambapo wenzangu wananipa majibu yanayopingana.

Mimi ni msaidizi katika utafiti wa saratani ya titi. Kwa muda wa mwaka mmoja tumekusanya bloku 64 za parafini (vipande vya tishu vilivyozamishwa kwenye nta) kutoka kwa akina mama waliofanyiwa upasuaji katika hospitali kadhaa za kanda hii, na kila mmoja wao alitia saini fomu ya ridhaa. Tunakusudia kupima vipokezi vya estrojeni na HER2 (protini za seli zinazosaidia kuchagua dawa), kisha kutoa RNA (nakala za maagizo ya jeni) kwenye bloku hizo hizo. Kabla hatujagusa vitendanishi vya gharama, mtafiti mkuu aliniagiza nikague ubora wa kila bloku: nikate kipande cha maikromita 4, nikipake rangi za hematoksilini (zambarau) na eosini (waridi), yaani H&E, nikitazame, kisha niandike “nzuri” au “mbaya”.

Bloku 11 zimenikosesha usingizi. Pembeni mwa kipande mambo ni safi kabisa: viini vimeshika zambarau iliyokolea na mpaka wa kila seli unaonekana. Ukisogeza slaidi kuelekea katikati, viini vinaanza kufifia, vinabaki kama vivuli, na mwisho yanabaki mawaa ya waridi yasiyo na umbo lolote.

Nilidhani sababu ni kuchelewa kuingizwa kwenye fomalini (dawa inayokaza tishu isioze). Fomu yetu ina safu mbili, ya saa ambayo tishu ilitoka mwilini na ya saa ambayo iliingia kwenye fomalini, kwa hiyo nilitoa moja kwa nyingine ili nipate pengo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Zipo bloku zenye pengo la karibu saa 7 ambazo slaidi zake ni nzuri kuliko zote, na zipo zenye pengo la dakika 40 ambazo zimo katika zile 11. Fomu 3 zinaonyesha kwamba tishu iliingia kwenye fomalini kabla haijakatwa mwilini, jambo ambalo haliwezekani.

Je, H&E peke yake inatosha kuamua ubora? Na hizo 11, nizitupe? Naona uzito kuzitupa. Mmoja wa akina mama hao, siku ya kusaini, aliniuliza kama kinyama chake kitawasaidia wengine, nami nilimjibu kwamba kitasaidia.

Fundi wa Histolojia (Arusha)

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu la nusu ya swali lako limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Umesema pembeni ni safi na katikati pamefifia. Tishu iliyochelewa tu, yaani iliyoachwa mezani ikiwa imekosa damu, huharibika kwa kiasi kinachokaribiana pembeni na katikati, kwa sababu yote ilikuwa ikisubiri. Tishu ambayo pembeni imekaa sawa na katikati imeharibika inakueleza kwamba fomalini ilifika pembeni kwa wakati, ila haikufika ndani. Hayo ni makosa mawili tofauti na yana tiba mbili tofauti.

Fomalini huingia kwenye tishu takriban milimita 1 kwa saa pale mwanzoni, na kadiri inavyozama ndivyo kasi yake inavyopungua. Kwenye mafuta husuasua zaidi, na titi kwa sehemu kubwa ni mafuta. Sasa chukua titi zima lenye unene wa sentimita 6, litumbukize kwenye ndoo bila kulikata, halafu ujiulize katikati pale, ambapo mara nyingi ndipo uvimbe wenyewe ulipo, patasubiri muda gani. Wakati huo vimeng'enya vya seli vinaendelea kuila tishu kutoka ndani, na kwa joto la Moshi la mwezi Februari vinafanya kazi hiyo kwa bidii. Baadaye tishu ikiingia kwenye mashine ya kuchakata, ile sehemu ya katikati ambayo fomalini haikuifikia inakazwa na alkoholi, na ndiyo maana chini ya hadubini inaonekana kama imetoka kwa mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo usiulize tu tishu iliingia kwenye fomalini saa ngapi. Uliza iliingia ikiwa katika hali gani. Ilikatwa vipande vya milimita 5 au chini ya hapo? Fomalini ilikuwa walau mara 10 ya ujazo wa tishu, au ililowanisha tu sehemu ya chini? Kopo lilikuwa na mdomo mpana? Nimewahi kupokea tishu iliyosukumwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba ikiwa bado laini. Ilipokazwa na fomalini na kuwa ngumu haikutoka tena, tukalazimika kuikata chupa kwa msumeno, na upande uliokuwa umebanwa na ukuta wa chupa ulikuwa mbichi.

Jambo lingine ni fomalini yenyewe. Tunayoitaka ni ile ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi zinazoizuia isigeuke asidi), ambayo kwa lita moja huchanganywa mililita 100 za fomaldehaidi iliyokolea ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za chumvi ya sodiamu fosfeti yenye asidi na gramu 6.5 za ile ya disodiamu isiyo na maji. Wengi huacha zile chumvi kwa sababu mchanganyiko unaonekana vilevile na unanuka vilevile. Isipokuwa na bafa, fomalini hugeuka asidi taratibu ikiwa kabatini, na asidi hiyo huivunjavunja DNA kabla hujaanza utafiti wako. Tazama slaidi zako tena: ukiona vitone vya kahawia kuelekea weusi mahali penye damu nyingi, hiyo ni chembe ya fomalini yenye asidi. Kipande cha karatasi ya kupimia pH kitakuthibitishia. Tunategemea kuona namba inayokaribia 7.

Nimalizie na penseli. Andika namba ya mgonjwa kwenye kaseti (kijisanduku cha kuwekea tishu) kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye alkoholi na zailini, na lebo ya kopo ibandikwe kwenye kopo, kamwe isibandikwe kwenye kifuniko. Vifuniko viwili vikibadilishana mezani, umebadilisha wagonjwa wawili, na hakuna hadubini itakayokuambia.

Nesi wa Thieta (Moshi)

Mdogo wangu, nimesoma swali lako nikalirudia mara mbili, kwa sababu fomu kama hiyo nimeijaza mimi mwenyewe mara nyingi. Sizungumzii hospitali yoyote. Nazungumzia kalamu yangu.

Hizo fomu zenye pengo la karibu saa 7, tazama saa iliyoandikwa thieta. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji asubuhi na titi likatoka wakati saa ya ukutani inaonyesha 10:10, mimi kinywani nasema ni saa nne na dakika kumi, na mkono wangu ukiwa na haraka unaandika 4:10. Kopo likifika maabara, kijana wa maabara anatazama simu yake na kuandika 11:00. Wewe ukitoa 4:10 kwenye 11:00 unapata saa 6 na dakika 50. Kumbe tishu ilisubiri dakika 50 tu, na ndiyo maana slaidi yake ni nzuri.

Sasa geuza. Thieta imeandika 10:15 kwa kutazama mashine ya usingizi, na maabara mtu ameandika 4:50 kama anavyoitamka. Hapo ndipo tishu inapoonekana imeingia kwenye fomalini kabla haijakatwa. Mara zote tofauti ni saa 6, kwa hiyo unaweza kuzisahihisha bila kubahatisha mahali ambapo ratiba ya thieta au chati ya daktari wa usingizi inaonyesha muda halisi wa upasuaji. Pale ambapo hakuna kumbukumbu ya pili, tafadhali usijaze kwa kukisia. Acha wazi na useme muda haujulikani.

Dawa yake kwetu ilikuwa ndogo. Tuliandika juu ya safu hiyo maneno haya: “Andika namba unazoziona kwenye saa, usiandike saa unayoitamka.” Tukaongeza mfano, 10:10 na 14:30, ili hata nesi aliyeingia zamu kwa mara ya kwanza aone kwamba mchana unaandikwa 14. Ninawaomba pia watafiti mtuambie fomu hizi ni za nini. Kwa miaka mingi nilidhani safu ile ni ya kutimiza utaratibu tu. Siku daktari mmoja aliponionyesha slaidi mbili, ya tishu iliyowahi na ya iliyochelewa, sikuacha tena kopo likae juu ya toroli likisubiri mtu wa kulipeleka.

Daktari wa Patholojia (Njiro)

Nawashukuru waliotangulia, Nesi amefumbua fumbo ambalo huenda lingepoteza miezi ya kazi. Naomba nijibu yale mawili yaliyobaki, la H&E na la kutupa.

H&E inakuonyesha umbo. Haikuambii kama kipokezi cha estrojeni bado kinaweza kushikwa na kingamwili, wala kama RNA bado ni ndefu. Kwa vipokezi, mwongozo wa vyama vya Marekani vya ASCO na CAP unataka tishu iingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, na ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Hizo ni namba za kuanzia. Ushahidi wenyewe uko kwenye slaidi: tafuta mirija ya kawaida ya maziwa iliyo kando ya uvimbe. Baadhi ya seli za mirija hiyo zinatakiwa kushika rangi ya kipokezi cha estrojeni. Ikiwa mirija imeshika na uvimbe haujashika, unaweza kuamini kwamba uvimbe ni hasi. Ikiwa mirija nayo iko kimya, usiandike “hasi”, andika “haisomeki”. Tofauti ya maneno hayo mawili kwa mgonjwa ni kupewa au kunyimwa tamoxifen, na kwa utafiti ni kuhesabu uongo kama matokeo.

Kwa RNA, usipime kwa kigezo cha RIN (namba ya uzima wa RNA) kinachotumika kwenye tishu iliyogandishwa. Kila bloku ya parafini itapata namba ya chini, nzuri na mbaya kwa pamoja, kwa sababu fomalini na joto huikatakata RNA. Tumia DV200, yaani asilimia ya vipande vyenye urefu unaozidi nyukleotidi 200. Wala usiridhike na uwiano wa ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 ukiwa mzuri. Uwiano huo unapima usafi, na DNA iliyosagika kama unga bado inaweza kutoa 1.8 safi kabisa.

Kuhusu kiasi cha uvimbe katika kipande, hesabu viini, usikadirie eneo. Jicho hudanganywa na seli kubwa za saratani na kusahau limfosaiti (seli za kinga) ndogo zilizojazana katikati yao. Viini vya saratani vikiwa asilimia 20 tu, badiliko la jeni lililo kwenye nakala moja kati ya mbili litaonekana kwenye takriban asilimia 10 ya DNA yote uliyoisoma, na ukilikosa utadhani halipo. Kata slaidi ya H&E mwanzoni mwa utepe wa vipande vinavyotoka kwenye mikrotomu na nyingine mwishoni, maana kwenye bloku ndogo uvimbe unaweza kuisha katikati ya kukata.

Sasa kutupa. Neno “mbaya” ninaomba mliondoe kwenye jedwali lenu. Bloku ni nzuri au mbaya kwa kazi fulani. Iliyo safi pembeni inaweza kusomwa vipokezi pembeni hapo, hata kama haifai kwa RNA. Lakini sababu kubwa zaidi ni hii: uvimbe mkubwa ndio unaokazwa vibaya zaidi, na uvimbe mkubwa unatoka kwa mama aliyechelewa kufika hospitali, mara nyingi kwa sababu anaishi mbali au hakuwa na nauli. Ukitupa bloku 11 zilizofifia, kuna uwezekano umeondoa kwenye utafiti wako wanawake wale wale ambao ugonjwa umewaumiza zaidi, na matokeo yako yatasimulia habari za wanawake waliowahi tu. Andikeni vigezo vya kukubali na kukataa sasa, kabla hamjaona jibu la kipokezi hata kimoja, na asomaye slaidi asijue zimetoka hospitali gani. Kila bloku itakayokataliwa ibaki kwenye jedwali pamoja na sababu yake, ili msomaji wa ripoti azihesabu mwenyewe.

Msimamizi wa Friza

Nachangia kidogo kwa sababu RNA imetajwa. Kwa wagonjwa wajao, mkipata kibali cha kamati ya maadili, chukueni kipande kidogo cha kugandisha pamoja na cha fomalini. Nitrojeni ya kimiminika si lazima itoke Dar es Salaam. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River huitengeneza kwa ajili ya mbegu za ng'ombe, na kiko njiani kati ya Moshi na Arusha.

Wapo wanaoweka sarafu juu ya barafu kwenye kikombe ndani ya friza, ili umeme ukikatika wao wakiwa mbali, sarafu iliyozama iwaambie kwamba barafu iliyeyuka. Ni njia nzuri kwa friza ya kawaida, ila kwa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haitoshi, kwa kuwa sarafu haizami mpaka joto lipande kupita sifuri, na RNA inaweza kuanza kuharibika mapema kuliko hapo. Wekeni kipimajoto kinachojirekodi chenyewe. Na mkikagua daftari la joto la friza ya mtu, mkikuta mwezi mzima umeandikwa namba moja, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, ulizeni maswali zaidi.

Mtafiti wa Kiborloni (Moshi)

Nawashukuru sana. Dada Nesi, shikamoo, na ulikuwa sahihi. Nimekaa siku mbili na ratiba za thieta. Zile fomu 3 za tishu iliyotangulia upasuaji zote zilikuwa na saa za aina mbili, na baada ya kusahihisha, fomu 58 kati ya 64 zina pengo lisilozidi saa 1. Fomu 2 hazina kumbukumbu ya pili, nimeziacha wazi kama ulivyoshauri.

Kwa hiyo kuchelewa kulikuwa na sehemu ndogo. Katika bloku 11, 9 ni za matiti makubwa yaliyowekwa mazima kwenye ndoo siku ya Ijumaa alasiri, yakafunguliwa Jumatatu asubuhi. Nilipiga hesabu: kutoka Ijumaa saa 15:00 hadi Jumatatu saa 09:00 ni muda wa saa 66, ambao kwa karatasi uko ndani ya saa 6 hadi 72 alizozitaja Daktari. Tulikuwa tumezipitisha kwa sababu ya namba hiyo. Bloku 2 zilizobaki zina vitone vya kahawia alivyovieleza kaka Fundi, na karatasi ya pH kwenye dumu zilikotoka imesoma kati ya 4 na 5. Dumu hilo tumeshaliondoa.

Mtafiti mkuu amekubali tufute safu ya “nzuri au mbaya” na kuweka safu tatu: umbo, vipokezi, RNA. Bloku zote 64 zinabaki kwenye jedwali. Limebaki swali moja. Wodini wananiambia kwamba nesi haruhusiwi kulikata titi, na daktari wa patholojia hayupo Ijumaa jioni. Nani akate, na akate vipi bila kuharibu kingo ambazo daktari wa upasuaji anataka zisomwe?

Daktari wa Patholojia (Njiro)

Akate daktari wa upasuaji mwenyewe, au daktari wa mafunzo aliyemsaidia, kabla hawajavua glavu. Kwanza waweke uzi wa alama kuonyesha upande wa kwapa, kisha wapake wino kwenye upande wa nyuma uliokuwa umeshikana na misuli ya kifua, na wausubiri ukauke. Halafu walilaze titi ngozi ikitazama chini, wakate kutoka nyuma kuelekea kwenye ngozi kwa kila sentimita 1 bila kuikata ngozi yenyewe, ili vipande vibaki vimeshikana kama kurasa na mpangilio usipotee. Wapachike shashi kati ya kipande na kipande ili fomalini ipate njia, na ndoo iwe na nafasi. Jumatatu mimi au mwenzangu tutakata tena vipande vyembamba vya kuingia kwenye kaseti. Kazi hiyo thieta haizidi dakika 10. Nitumie ujumbe, nije Ijumaa ya kwanza nisimame nao.